Faini ya tiketi ya ndege ni mrija

Upo mrija mmoja wa unyonyaji ambao wananchi wengi hawajautazama sawasawa, kwa sababu umefichwa ndani ya maandishi madogo, umevikwa jina la heshima, na anayenyonywa huambiwa kwamba kosa ni lake mwenyewe. Mrija huo ni faini inayotozwa na mashirika ya ndege kwa msafiri anayelazimika kubadili siku ya safari yake. Mashirika hayapendi kuiita faini. Huiita ada ya mabadiliko, ada ya huduma, au gharama za kushughulikia tiketi. Lakini mtu anayelipishwa kwa sababu hakufanya alivyoagizwa hajalipa ada, amepigwa faini. Na faini, katika nchi inayotawaliwa kwa sheria, hutozwa baada ya mtu kuonekana na hatia. Mwalimu aliyefiwa na baba yake siku mbili kabla ya safari ana hatia gani?

Watatokea watu wa kusema kwamba hili ni shauri la matajiri, na kwamba gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko malalamiko ya wapanda ndege. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi katika chumba cha kungojea ndege pale Mwanza, Kigoma au Songwe utamkuta mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na ndugu yake aliyechangiwa nauli na ukoo mzima. Utamkuta ofisa wa halmashauri aliyeitwa Dodoma kwa simu ya jioni. Utamkuta mwalimu wa Kagera anayekwenda kuzika Mtwara, safari ambayo kwa basi humpitisha karibu nchi nzima, na akifika atakuta matanga yamekwisha. Watu hawa hawakupanda ndege kwa anasa. Wamepanda kwa sababu nchi yetu ni kubwa na msiba hausubiri.

Isitoshe, tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege kwa fedha za umma na kuzikodisha kwa Shirika letu la Ndege. Mkulima wa pamba wa Maswa ambaye hajapata kuketi katika ndege hata mara moja amezichangia kwa kodi yake. Basi namna tiketi za ndege hizo zinavyouzwa si siri ya wenye biashara. Ni jambo la umma, na umma unayo haki ya kuuliza.

Tuanze na asili ya mrija wenyewe, maana haukuota kwetu. Nchini Marekani, hadi mwaka 1978, nauli za ndege zilipangwa na bodi ya serikali. Msafiri alilipa nauli iliyojulikana, na aliyelipa nauli hiyo kamili alikuwa na tiketi iliyofanana na hundi: akichelewa, alipanda ndege iliyofuata, na mara nyingi hata shirika jingine liliipokea. Kasoro ya mpango huo ilikuwa bei kubwa, na hilo ni lazima lisemwe. Mwezi Oktoba 1978 Rais Carter alitia sahihi sheria iliyoyaachia mashirika yapange bei yatakavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo shirika la American Airlines lilikuwa limekwisha kuanzisha nauli za bei nafuu zenye masharti: lazima ununue mapema, lazima ukae huko uendako siku kadhaa. Baadaye likaenea sharti la ajabu zaidi, kwamba mwenye tiketi rahisi ni lazima alale huko usiku wa Jumamosi.

Msomaji atajiuliza: Jumamosi inahusiana nini na mafuta ya ndege? Haihusiani hata kidogo. Sharti hilo liliwekwa ili kuwatenganisha watu. Mfanyabiashara hutaka kurudi nyumbani kwake mwisho wa juma, kwa hiyo atalazimika kununua tiketi ghali. Mwenye kwenda kutembelea jamaa atalala huko, naye atapata tiketi rahisi. Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya kumpima kila abiria na kumkamua kadiri ya shida yake. Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta, mchana na usiku, na bei ya kiti kilekile hupanda na kushuka mara nyingi kabla ndege haijaruka. Faini ya kubadili safari ni ukuta unaozuia abiria wa kundi moja asichungulie bei ya kundi jingine. Pasipo faini, kila mtu angenunua tiketi rahisi na kubadili baadaye, na elimu yote hiyo ingevurugika.

Kwa hiyo tusidanganywe kwamba faini hiyo ni malipo ya kazi. Kubadili tarehe katika kompyuta ni kazi ya dakika chache, na siku hizi mara nyingi abiria mwenyewe ndiye anayeifanya kwa simu yake, kwa umeme wake na kwa vocha yake. Kabla ya mwaka 2020 mashirika makubwa ya Marekani yalikuwa yakitoza dola 200 kwa kubadili tiketi ya safari ya ndani. Kwa mwaka 2019 peke yake mashirika ya nchi hiyo yalikusanya kiasi cha dola bilioni 2.8 kutokana na faini za kubadili na kufuta safari. Fedha hizo hazikumsafirisha mtu yeyote. Zilitozwa kwa watu ambao mipango yao iliharibika.

Sasa tutazame ni mipango ya nani inayoharibika mara kwa mara, kwa maana hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mwenye mali husafiri apendapo. Yeye ndiye bwana wa siku zake. Akisema Jumanne, ni Jumanne. Lakini mtumishi wa umma si bwana wa siku zake. Likizo yake iliyoidhinishwa Mei yaweza kuahirishwa Juni kwa barua ya mistari mitatu. Mwalimu aliyepanga kusafiri siku shule zinapofungwa huitwa kusimamia au kusahihisha mitihani. Muuguzi hubadilishiwa zamu. Mgonjwa husogezewa tarehe na daktari. Hao wote wanaishi kwa saa iliyoshikwa na mkono wa mtu mwingine, nao ndio hao hao wanaonunua tiketi rahisi yenye masharti makali, kwa kuwa mshahara hauruhusu nyingine. Matokeo yake ni kwamba mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuilinda tarehe yake ndiye anayetozwa zaidi kwa kuivunja, na mwenye uwezo mkubwa hununua tiketi isiyo na faini ambayo pengine wala hataibadili. Tukiuita mpango huo kuwa ni uhuru wa kuchagua, tutakuwa tumelikejeli neno uhuru.

Tuchukue mfano wa hesabu, ingawa tarakimu hutofautiana baina ya shirika na shirika. Tuseme mwalimu amenunua tiketi kwa shilingi 280,000. Siku kumi na mbili kabla ya safari anaarifiwa na mwajiri wake kwamba asiondoke mpaka juma lifuatalo. Anakwenda kwa wakala kubadili tarehe. Anaambiwa nauli ya tarehe mpya ni 430,000, kwa hiyo aongeze 150,000, na juu yake faini ya 80,000. Safari moja imemgharimu shilingi 510,000. Kile kiti alichokiacha je? Kimerudi sokoni siku kumi na mbili kabla, wakati bei zinapanda, na mtu mwingine amekinunua kwa 400,000. Shirika limepata nauli mpya kwa ukamilifu, limepata shilingi 120,000 zaidi kwa kiti cha zamani, na bado limetoza 80,000 kwa hasara ambayo haikupata kutokea. Muuza nyanya wa Kariakoo akimtoza mteja kwa nyanya alizomrudishia zikiwa nzima, kisha akazipandisha bei na kumwuzia mwingine, tungemwita mlanguzi. Huyu mwenye sare nadhifu na kompyuta tumwiteje?

Mpango huo unaongezewa uzito na masharti mengine mawili. La kwanza ni kwamba tiketi haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine. Mwalimu akiugua, mwenzake wa shule ileile, anayekwenda kwenye semina ileile kwa barua ya ofisi ileile, hawezi kuitumia. Tunaambiwa kwamba ni kwa ajili ya usalama. Usalama ni jambo zito, wala hatulifanyii mzaha; lakini usalama hukaguliwa siku ya safari, kwa kitambulisho, mlangoni. Jina lililobadilishwa siku tatu kabla lina hatari gani kuliko tiketi mpya iliyonunuliwa saa tatu kabla? Shirika la Ryanair la huko Ulaya huruhusu kubadili jina la abiria, ila kwa malipo makubwa. Kama hatari ya usalama inaondoka kwa kulipa, basi haikuwa hatari; ilikuwa bei.

Sharti la pili ni kwamba, kwa mashirika mengi, aliyenunua tiketi ya kwenda na kurudi akikosa ndege ya kwenda, hufutiwa na ya kurudi. Mtu amelipia vitu viwili, ameshindwa kukitumia kimoja, akanyang'anywa vyote viwili. Tujaribu kulipeleka jambo hilo dukani: umenunua jozi ya viatu, kimoja kikakubana, mwenye duka akakupokonya na cha pili.

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi. Itokeapo kwamba shirika lenyewe ndilo linalobadili saa, mambo huwaje? Abiria hupokea ujumbe mfupi katika simu: ndege yako ya saa moja asubuhi sasa itaondoka saa kumi jioni, tunasikitika kwa usumbufu. Basi. Aliyekuwa na miadi ya daktari saa tano atajua la kufanya. Aliyelipia nyumba ya wageni amekwisha kula hasara. Shirika hulipa kwa neno "tunasikitika", ambalo abiria akilitamka dirishani halimpunguzii hata senti moja. Ndiyo maana wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hatusemi kwamba kila badiliko la ratiba ni uzembe. Mwaka 2022 injini za ndege aina ya Airbus A220 zilileta matatizo kwa mashirika kadhaa duniani, na Shirika letu nalo likalazimika kuegesha ndege na kupangua ratiba. Kosa lilikuwa la kiwandani. Wananchi walitakiwa kuelewa na kuvumilia, na waliovumilia walifanya vyema. Lakini uvumilivu ni njia ya pande mbili. Kama injini ikiharibika abiria huambiwa ni bahati mbaya, kwa nini mama mzazi akilazwa Bugando ghafla abiria huambiwa ni uvunjaji wa masharti?

Hata sheria za kimataifa zinaonyesha upendeleo huo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao hulibebesha shirika la ndege dhima ya hasara inayompata abiria kwa kucheleweshwa. Ni ulinzi mzuri. Lakini shirika likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara kuepusha hasara hiyo, au kwamba haikuwezekana kuzichukua, huachiliwa. Hatupingi. Tunauliza tu: mlango huo wa huruma mbona umefunguliwa kwa mwenye ndege na kufungwa kwa mwenye tiketi? Abiria naye akithibitisha kwamba alifanya yote ya busara, mbona hakuna anayetaka kuisoma barua yake? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mkataba unaokata upande mmoja ni panga.

Wenye mashirika wanazo hoja zao, na haki yatutaka tuzisikilize.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kiti cha ndege hakiwekwi akiba. Ndege ikisharuka, kiti kitupu kimepotea milele, kama samaki aliyeozea mnadani. Ni kweli. Lakini samaki wa leo jioni si sawa na samaki ambaye bado yuko ziwani. Anayetoa taarifa siku kumi na mbili kabla hakuozesha chochote. Amerudisha samaki akiwa hai. Anayetoweka bila taarifa, hapo tunakubali kwamba kuna hasara na kwamba abiria aibebe. Tena mashirika mengi duniani, kwa kujua kwamba wapo wasiotokea, huuza viti zaidi ya vilivyomo. Anayeuza kiti kimoja mara mbili hana uso wa kulia kwamba kimebaki kitupu.

Pili wanasema kwamba abiria alichagua mwenyewe nauli rahisi, na masharti aliyakubali. Aliyakubali kwa lugha gani? Mwaka 2021 nchi yetu ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ili mwananchi ahukumiwe kwa lugha anayoielewa. Lakini mwananchi huyohuyo bado hufungwa na masharti ya tiketi yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, chini ya kisanduku kidogo anachotakiwa kukigusa kabla ya kulipa. Kukubali bila kuelewa si kukubali.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba biashara ya ndege ina faida finyu, na shirika likiacha faini litaanguka. Hapa tusibishane kwa maneno, tutazame yaliyotokea. Shirika la Southwest la Texas, kwa miongo mingi, halikutoza faini ya kubadili safari. Je, lilianguka? Lilipata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019, miaka 47 mfululizo, wakati mashirika yaliyokuwa yakitoza faini yaliingia na kutoka katika mahakama za kufilisiwa. Kilichokuja kulisukuma ligeuke si hasara ya kuwahurumia abiria. Mwaka 2024 wawekezaji wa Wall Street waliingia kwa nguvu wakidai faida kubwa zaidi, na mwaka 2025 shirika likaanza kutoza mizigo iliyokuwa ikipakiwa bure na kuweka tiketi ya chini yenye masharti makali. Somo lake ni wazi: faini huja pale mwenye hisa anapokaa mbele ya abiria.

Na mwishoni mwa Agosti 2020, ndege zilipokuwa tupu kwa sababu ya ugonjwa wa korona, United, Delta na American Airlines yalitangaza ndani ya siku mbili kwamba yanafuta faini ya kubadili kwa tiketi zake nyingi, isipokuwa zile za chini kabisa. Kitu kilichoelezwa kwa miaka mingi kuwa hakiwezekani kiliwezekana kwa siku mbili. Haikuwa huruma, abiria walikuwa wamekosekana, na anayemtafuta mteja hujifunza adabu. Tujiulize kwa nini mtu wa chini, mwenye ile tiketi ya chini kabisa, aliachwa nje ya adabu hiyo.

Kipindi hichohicho kilitufundisha na jambo jingine. Mashirika yalipofuta safari yenyewe mwaka 2020, mengi hayakurudisha fedha. Yaligawa karatasi za ahadi za kusafiri siku nyingine. Huko Marekani ilibidi serikali iingilie kati, na mwezi Novemba 2022 ikatangaza kwamba mashirika sita yamelazimishwa kurudisha zaidi ya dola milioni 600. Hata katika ngome ya ubepari, basi, ilibidi dola isimame baina ya abiria na mwenye ndege. Nchi hiyo pia ina kanuni inayomlinda aliyenunua tiketi siku saba au zaidi kabla ya safari: ndani ya saa 24 aweza kughairi na kurudishiwa fedha zake, au kuwekewa kiti bila kulipa. Na Jumuiya ya Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika Februari 2005, humpa abiria aliyefutiwa safari haki ya kuchagua baina ya kurudishiwa nauli ndani ya siku saba na kusafirishwa kwa njia nyingine. Wanaotuambia kwamba kumlinda abiria ni siasa za kizamani waanze kuwaambia Washington na Brussels.

Nasi hatukosi historia yetu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1946 lilivunjika mwaka 1977, na mwezi Machi mwaka huohuo, majuma machache baada ya kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi, tukaunda Shirika letu wenyewe. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ikauzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika. Mwezi Desemba 2018 shirika la binafsi la Fastjet liliposimama, watu waliokuwa na tiketi za sikukuu walibaki nazo mkononi. Katika misukosuko yote hiyo, ambaye hakukimbia ni umma. Umma ndio uliotoa fedha mwaka 2016 kununua ndege mbili za kwanza za kulifufua Shirika, na ndio uliozidi kutoa, hata ripoti za Mkaguzi Mkuu zilipoonyesha hasara. Umma haukumtoza mtu faini kwa kubadili mipango. Basi Shirika linalobebwa hivyo na wananchi haliwezi kusema kwamba linafuata desturi za biashara duniani. Tulilifufua ili liweke desturi.

Lakini si haki kuyalaumu mashirika peke yake. Upo mkono wa pili unaoijaza sanduku hii ya faini, nao umo ndani ya ofisi zetu. Mkutano unaitishwa Dodoma tarehe 10. Tiketi za watu thelathini zinanunuliwa. Tarehe 8 mwenyekiti anapata safari nyingine, mkutano unasogezwa hadi tarehe 14. Tiketi thelathini zinabadilishwa, na faini thelathini zinalipwa kutoka mfuko wa walipa kodi. Hakuna anayeulizwa. Katika hesabu za ofisi, faini hiyo humezwa ndani ya kifungu cha safari na kusahaulika, ingawa labda ingetosha kununua madawati ya darasa zima. Mwaka 2015 Serikali ilipozibana safari za nje za watumishi, wananchi walishangilia, kwa sababu waliona fedha zao zinaheshimiwa. Ubadhirifu wa kuahirisha nao ustahili kubanwa vivyo hivyo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Ofisi inayong'ang'ania ndege kisha ikaahirisha mkutano ieleze kwa maandishi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kutuonya dhidi ya viongozi wanaojifanya mabwana. Kiongozi anayecheza na siku za watu thelathini kana kwamba ni kete za bao ni bwana, hata akijiita ndugu.

Basi tunataka nini? Polemiki isiyo na madai ni kelele. Tunataka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ikilisikiliza Baraza la watumiaji lililo chini yake na ikishirikiana na Tume ya Ushindani yenye wajibu wa kumlinda mlaji, itunge kanuni zitakazosema wazi, kwa tarakimu, mambo yafuatayo.

Kwanza, aliyenunua tiketi awe na saa 24 za kughairi au kurekebisha bila kutozwa chochote.

Pili, anayetoa taarifa siku saba au zaidi kabla ya safari asipigwe faini. Alipe tofauti ya nauli, ikiwapo, basi. Ndani ya siku saba faini ipande kwa ngazi na iwe na kikomo, na asiyetoa taarifa kabisa ndiye abebe hasara kamili.

Tatu, kile ambacho abiria hutozwa kwa kubadili saa, shirika nalo limlipe abiria huyo linapobadili saa kwa sababu zisizo za usalama. Msumeno ukate pande zote mbili.

Nne, kodi na tozo za kiwanja cha ndege zilizomo katika bei ya tiketi zirudishwe kwa asiyesafiri, bila makato. Mtu hawezi kulipia kiwanja ambacho hakukikanyaga.

Tano, msiba, rufaa ya hospitali na barua ya mwajiri viwe sababu halali za kubadili bila faini. Na ushahidi wa msiba uwe barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Kumtaka mfiwa alete cheti cha kifo kutoka RITA kabla maiti haijazikwa ni ukatili uliovaa tai.

Sita, tiketi iweze kuhamishiwa jina jingine hadi saa 48 kabla ya safari, hasa kwa tiketi zinazonunuliwa na taasisi za umma.

Saba, masharti yote yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, nayo yaonekane kabla mtu hajatoa fedha.

Na kwa upande wa Serikali, kila taasisi ilazimishwe kuandika faini za tiketi katika mstari wake peke yake, pamoja na jina la aliyeahirisha, ili Mkaguzi Mkuu azione na Bunge liziulize.

Madai haya si makubwa. Hakuna hata moja linalotaka abiria asafirishwe bure, wala linalotaka ndege iruke tupu. Yanataka jambo moja tu, kwamba watu wawili wanapofunga mkataba, wote wawili wafungwe. Watumishi na walimu wanaosoma ukurasa huu wanao uwezo wa kuanza kesho: kudai masharti kwa Kiswahili wanapokata tiketi, kupeleka malalamiko yao kwa maandishi kwenye Baraza la watumiaji badala ya kunung'unika katika foleni, na kuwauliza wabunge wao katika mikutano wanasimama upande gani.

Ndege hizi zina twiga wa Taifa mkiani. Twiga ni mnyama anayeona mbali. Wanaouza tiketi zake nao wajifunze kuona mbali kuliko faini ya shilingi 80,000 iliyo mkononi mwa mwalimu aliyefiwa. Mrija ukatwe.